Ripita Yako Binafsi Haijibu? Namna ya Kupanga Redio za Mkononi na Kuifuata Kasoro Mpaka Ilipo

Umefunga ripita, ile mashine inayopokea sauti ya redio ndogo na kuirusha upya ifike mbali, taa inawaka, antena iko juu. Unachukua redio mbili, moja mkono wa kushoto na nyingine wa kulia, unabonyeza ya kwanza na kusema "jaribio, jaribio". Ya pili kimya. Unaanza kufungua boksi, kubadilisha toni (mlio wa siri unaoifungua ripita), kuilaumu dupleksa (boksi la vichujio linaloziruhusu kurusha na kupokea zitumie antena moja). Mimi nimepoteza jioni nzima hivyo, na mwishowe ikaonekana ripita ilikuwa nzima tangu asubuhi. Kibovu kilikuwa ni namna yangu ya kujaribu.

Redio ya wati 4 au 5 ikirusha nusu mita tu kutoka kwa mwenzake, nguvu yake huifunika risiva (sehemu inayopokea) ya ile ya pili hata kama masafa ni tofauti. Ishara ya ripita inafika palepale, ila redio ya pili imekuwa kiziwi kwa muda na haiisikii. Kwa hiyo kabla hujagusa bisibisi, mpe mtu redio ya pili aende mita mia moja au zaidi, ikiwezekana nyuma ya ukuta, ndipo mjaribu tena. Matatizo mengi ya ripita mpya huishia hapo.

Yakibaki, endelea na mwongozo huu. Kanuni ninayoifuata ni moja tu: kila neno linalopita kwenye ripita husafiri mara mbili. Safari ya kwenda ni kutoka redio yako hadi ripita, kwenye masafa yake. Safari ya kurudi ni kutoka ripita hadi redio ya msikilizaji, kwenye masafa mengine. Ripita husikia upande mmoja na kurusha upande wa pili kwa wakati uleule. Ukijua safari ipi imekatika, umeshatupa nusu ya mambo ya kukagua. Asiyejua hilo hubadilisha vitu vitatu kwa pamoja, na hata akifanikiwa hajui kilichomponya.

Kwanza, kibali

Masafa si mali ya aliyenunua redio. Marekani kuna huduma ya GMRS inayomruhusu mtu binafsi kuwa na ripita yake: leseni hutolewa na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, bila mtihani, hudumu miaka 10, na inahusu pia watu wa familia ya mwenye leseni. Huduma hiyo ina jozi 8 za masafa ya ripita, upande wa 462 MHz kwa kurusha ripita na 467 MHz kwa kupokea, na nguvu isizidi wati 50. Kwingineko, njia ya kawaida ni leseni ya redio za ridhaa au kibali cha redio za kazi kutoka mamlaka ya mawasiliano ya nchi husika. Redio zisizohitaji leseni, kama PMR446 za Ulaya au FRS za Marekani, haziruhusiwi kupitia ripita, hata kama ufundi wake unakubali.

Nitatumia jozi moja ya GMRS kama mfano kuanzia hapa mpaka mwisho: ripita inarusha kwenye 462.550 MHz, inapokea kwenye 467.550 MHz, toni ya kuifungua ni 123.0 Hz. Kama wewe uko kwenye masafa mengine, weka namba zako mahali pa hizi, mengine hayabadiliki.

Hatua ya 1: Andika karatasi moja kabla ya kubonyeza chochote

Karatasi hiyo iwe na mambo matano: masafa ambayo ripita inarusha, masafa ambayo ripita inapokea, toni inayotakiwa kuingia, toni inayotoka (kama ipo), na upana wa chaneli. Iandike ukisimama upande wa ripita, kisha chini yake iandike tena ukisimama upande wa redio ya mkononi. Kurusha kwa ripita ni kupokea kwako. Kupokea kwa ripita ni kurusha kwako.

Linaonekana jambo dogo, lakini ndilo kosa la kwanza kwa wingi. Mtu ananakili namba za kurusha za ripita na kuziweka kwenye kurusha kwa redio yake. Matokeo yake redio inarusha 462.550, ripita inasikiliza 467.550, na wote wawili wanangojeana. Dalili yake inatatanisha, kwa sababu redio mbili zilizokosewa hivyo husikiana vizuri kabisa zikiwa karibu, moja kwa moja bila ripita, na mwenyewe anadhani mambo yamekwenda.

Tofauti kati ya masafa hayo mawili huitwa ofseti. Kwenye mfano wetu ni MHz 5 kwenda juu, yaani alama ya kujumlisha. Kwenye redio za ridhaa za bendi ya mita 2, ofseti ya kawaida ni 600 kHz, na alama yake inaweza kuwa ya kujumlisha au ya kutoa kutegemea sehemu ya bendi. Usikisie alama, itoe kwenye karatasi yako.

Hatua ya 2: Panga chaneli moja kwa vitufe

Hata kama una kebo na kompyuta, chaneli ya kwanza ipange kwa mkono. Utaifahamu redio yako, na siku utakapokuwa juu ya kilima bila kompyuta hutakwama.

Mpangilio ninaouona kwenye redio nyingi ndogo ni ule wa Baofeng UV-5R, hivyo nitataja namba za menyu yake. (UV-5R ya kawaida haina idhini ya kurusha kwenye GMRS, namba nazitaja kwa sababu ya menyu tu. Tumia redio iliyoidhinishwa kwa huduma yako.)

Bonyeza kitufe cha VFO/MR mpaka uwe kwenye hali ya masafa, si ya chaneli. Chagua mstari wa juu kwa kitufe cha A/B. Zima menyu ya 7, ile ya kusikiliza masafa mawili kwa zamu, la sivyo redio itarukia mstari wa chini wakati hutaki. Angalia menyu ya 1, hatua ya masafa: ikiwa hatua hailingani na masafa yako, redio huyasogeza yenyewe bila kukwambia, na utashangaa kwa nini 462.550 imegeuka kitu kingine.

Sasa andika 462.550. Menyu ya 25, chagua alama ya kujumlisha. Menyu ya 26, weka 005.000. Menyu ya 13, chagua toni ya kurusha 123.0. Menyu za 10 na 11, zinazohusu toni ya kupokea, ziache zimezimwa. Sababu yake nitaieleza, lakini usiiruke.

Kuhifadhi ndiko kunakowashinda wengi, kwani chaneli ya ripita kwenye redio hizi huhifadhiwa mara mbili. Kama namba ya chaneli ina kitu, ifute kwanza kwa menyu ya 28. Ingia menyu ya 27, chagua namba ya chaneli, thibitisha. Hapo umehifadhi upande wa kupokea. Toka kwenye menyu, bonyeza kitufe cha nyota ili masafa yageuke na 467.550 ionekane, kisha rudi menyu ya 27 na uhifadhi kwenye namba ileile. Huo ndio upande wa kurusha. Ukihifadhi mara moja tu, utapata chaneli inayosikia ripita lakini hairushi mahali pake.

Jaribu: ingia kwenye hali ya chaneli, bonyeza kitufe cha kuongea kwa sekunde moja bila kusema kitu, na utazame kioo. Masafa yanapaswa kuruka kwenda 467.550 na kurudi. Yasiporuka, ofseti haikuhifadhiwa. Usiende mbele mpaka iruke.

Toni: kitasa cha mlango

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu karibu kila malalamiko ya "ripita haifunguki" yanapitia hapa.

Toni ya CTCSS ni mlio wa chini mno, kati ya takriban 67 na 254 Hz, unaotembea chini ya sauti yako muda wote unaporusha. Spika ya msikilizaji huichuja, hivyo huisikii. Ripita huisikia, na bila kuipata haifungui mlango hata ishara yako iwe na nguvu kiasi gani. DCS hufanya kazi ileile kwa namba badala ya mlio, mfano 023, na ina sura mbili: ya kawaida, inayoandikwa N, na iliyogeuzwa, inayoandikwa I au R kutegemea mtengenezaji. Redio ya mtengenezaji mmoja na ripita ya mwingine zinaweza kuonyesha namba moja lakini sura tofauti. Kama namba ni sahihi na mlango haufunguki, geuza N iwe I kabla ya kulaumu kitu kingine.

Toni si faragha. Mtu yeyote asiyeweka toni ya kupokea anawasikia. Kazi yake ni kuizuia ripita isifunguliwe na kelele za umeme au na watu wengine wanaotumia masafa hayohayo mbali kidogo.

Sasa, kwa nini uache toni ya kupokea imezimwa? Kwa sababu toni ya kupokea ni mlango wa pili, uliopo masikioni mwako. Ikiwa umeiweka 123.0 na ripita hairushi toni yoyote, au inarusha nyingine, ripita itakujibu na wewe hutasikia. Utasema ripita imekufa. Ikiwa toni ya kupokea imezimwa, kila kitu kinachorushwa kwenye 462.550 kitaingia, na hicho ndicho unachokitaka wakati wa kutafuta kasoro. Mambo yakikaa sawa kwa wiki moja, iwashe kama unataka utulivu.

Angalia pia majina. Redio moja huandika T-CTCS na R-CTCS, nyingine huandika ENC na DEC, nyingine TX na RX. Na kuna redio zinazoonyesha toni kwa namba ya orodha, 1 hadi 38, badala ya Hz. Namba 18 ya mtengenezaji mmoja si lazima iwe namba 18 ya mwingine. Tafuta jedwali kwenye kitabu cha redio na ufanye kazi kwa Hz.

Hatua ya 3: Kompyuta na kebo

Redio zikifika tatu au nne, tumia kompyuta. CHIRP ni programu ya bure inayofahamu redio nyingi sana, na watengenezaji wengine wana programu zao. Utaratibu ni uleule kila mahali: soma kwanza kilichomo kwenye redio, hifadhi faili hilo bila kulibadilisha, fanya kazi kwenye nakala, kisha andika kwenye redio. Faili la kwanza lisiloguswa ndilo litakalokuokoa ukiharibu. Usichukue faili lililosomwa kwenye redio ya aina moja na kulimwaga kwenye redio ya aina nyingine kwa sababu tu zinafanana sura. Nakili mistari ya chaneli badala yake.

Kebo ndiyo chanzo cha machozi. Kebo nyingi za bei ndogo zina chipu ya PL2303 iliyoigizwa, na draiva mpya za Windows huitambua na kuikataa. Kebo zenye chipu ya FTDI au CH340 husumbua mara chache zaidi. Ikiwa kompyuta inaona kebo lakini redio haijibu, sukuma plagi hadi itoe mlio. Plastiki ya redio mara nyingi huizuia isiingie hadi mwisho, na hiyo nusu milimita inatosha kukata mawasiliano. Unganisha redio ikiwa imezimwa, kisha iwashe, chagua bandari sahihi, ndipo usome.

Kwenye CHIRP kuna mtego mmoja wa toni. Ukichagua "Tone", redio inarusha toni lakini haiidai wakati wa kupokea. Hiyo ndiyo tunayoitaka. Ukichagua "TSQL", redio inarusha na kudai toni ileile, na namba inayotumika ni ya safu ya "ToneSql", si ile ya "Tone". Nimeona faili lililoandikwa 123.0 kwenye safu ya kwanza huku safu ya pili ikiwa bado na 88.5 ya kiwandani. Redio ilikuwa inarusha 88.5 na mwenyewe akiapa kwamba ameweka 123.0. Alikuwa anasema kweli. Alikuwa ameiweka pasipotumika.

Safu ya "Duplex" iwe na alama ya kujumlisha na "Offset" iwe 5.000000. "Mode" ya FM ni upana wa 25 kHz, na NFM ni 12.5 kHz.

Hatua ya 4: Jaribu safari moja moja

Chukua mtu mmoja wa kukusaidia na redio tatu kama unazo. Mpeleke mwenzako umbali unaoeleweka, mtu anayeonana na antena ya ripita. Wewe kaa karibu na ripita.

Safari ya kwenda: mwambie abonyeze kwa sekunde tano huku akihesabu. Tazama taa ya kupokea kwenye ripita. Ikiwaka, ishara imefika. Ikiwaka taa ya kupokea lakini ya kurusha haiwaki, ishara imefika na toni imekataliwa. Isipowaka yoyote, chukua redio yako, igeuze isikilize 467.550 na umsikilize mwenzako moja kwa moja. Ukimsikia, redio yake inarusha mahali sahihi na tatizo liko kwenye antena, kebo au risiva ya ripita. Usipomsikia kabisa, tatizo liko mkononi mwake.

Safari ya kurudi: ripita ikirusha, weka redio kwenye 462.550 bila toni ya kupokea na usogee mbali nayo hatua hamsini. Ukiisikia sauti safi, safari ya kurudi ni nzima. Ukisikia mikwaruzo tu ilhali uko karibu, angalia kama skwelchi, kile kinachonyamazisha mikwaruzo wakati hakuna ishara, imefunguliwa kabisa au kama antena ya ripita imeunganishwa kwenye tundu lisilo lake.

Kubonyeza kimyakimya na kusikiliza kama mkia wa ripita (ule muda mfupi inaoendelea kurusha baada ya wewe kuachia kitufe) unarudi ni jaribio zuri, lakini kama ripita inatumiwa na watu wengine taja kituo chako kwanza. Watu huchoka na mabonyezo yasiyo na jina.

Dalili na mahali pa kuanzia

Ripita inasikika, lakini ukibonyeza redio inakataa kurusha, au inatoa mlio wa kukataa. Tazama menyu ya kufunga chaneli yenye shughuli, BCL, ambayo kwenye mpangilio niliotaja ni namba 23. Redio inausikia mkia wa ripita, inadhani chaneli ina mtu, inakuzuia. Zima.

Neno la kwanza linakatwa kila mara. Toni inahitaji muda mfupi kutambuliwa. Bonyeza, hesabu moja moyoni, kisha sema. Ikiwa bado inakata, zima hali ya kuokoa betri kwenye redio za wasikilizaji, kwani redio iliyolala huchelewa kuamka.

Sauti inasikika kama mtu anaongea chumba cha pili. Redio yako iko kwenye 12.5 kHz na ripita iko kwenye 25 kHz. Kinyume chake, redio pana kwenye ripita nyembamba, sauti hupasuka na kukatika hasa ukiongea kwa nguvu. Wengi hukimbilia kubadilisha maikrofoni. Angalia upana kwanza.

Ripita inakukata baada ya dakika moja au tatu. Hiyo si kasoro. Ni kipima muda, kilichowekwa ili kitufe kilichokwama kisiichome transmita, sehemu inayorusha. Kiko kwenye ripita na kingine kwenye redio yako. Kile kifupi ndicho kinachotawala.

Ripita inafunguka yenyewe usiku. Haina toni ya kuingia, au toni iliyowekwa ni ileile inayotumiwa na majirani wa masafa.

Ripita inajifungua, inafunga, inajifungua tena, kama watu wawili wanaoagana mlangoni. Risiva inaisikia transmita yake yenyewe. Hili linatupeleka kwenye jambo zito zaidi.

Uziwi wa ripita

Kama ulivyoona kwenye redio mbili mkononi, transmita iliyo karibu huizibia risiva. Ripita inaishi ndani ya tatizo hilo kila sekunde. Inarusha labda wati 20 huku ikijaribu kusikia redio ndogo iliyo kilomita kadhaa, na mara nyingi transmita na risiva zote mbili zinatumia antena moja. Kinachozitenganisha ni dupleksa, boksi la vichujio lenye matundu matatu: LOW, HIGH na ANT.

Kwenye mfano wetu transmita iko 462.550, ambayo ni ya chini, kwa hiyo inaingia LOW. Risiva ya 467.550 inaingia HIGH. Ukizibadilisha, dupleksa itafanya kazi yake kinyume: itakula nguvu ya transmita na kuipitisha kelele yake kwenye risiva. Na dupleksa hurekebishwa kwa masafa mahususi. Iliyopimwa kwa jozi moja haihamii jozi nyingine kwa kubadilisha chaneli tu. Inahitaji kupimwa upya kwa kifaa kama NanoVNA, kipimo kidogo cha antena na vichujio, na kwa uvumilivu, kwani skrubu moja husogeza nyingine.

Dalili ya uziwi ni hii: ripita inarusha mbali sana lakini haisikii redio zilizo karibu kiasi. Watu husema inaongea kuliko inavyosikia. Kupima ni rahisi. Mwenzako asogee mpaka ishara yake iwe na mikwaruzo kwenye spika ya risiva ya ripita, huku transmita imezimwa. Sasa washa transmita. Mikwaruzo ikiongezeka au ishara ikapotea, una uziwi. Isipobadilika, huna, na udhaifu wa usikivu utafute kwenye antena.

Ukithibitisha uziwi, ondoa antena na mahali pake uunganishe kizuio cha majaribio, kile kinachokula nguvu bila kuirusha, kisha urudie jaribio kwa ishara hafifu ya karibu inayopenya ndani ya boksi. Uziwi ukiisha, kosa liko baada ya dupleksa: antena, kebo ya mnarani, kiunganishi kilichoingiwa maji, au vyuma vilivyolegea na kupata kutu karibu na antena. Ukibaki, kosa liko ndani: dupleksa, au vikebo vifupi kati ya dupleksa na redio.

Hivyo vikebo vifupi hudharauliwa. Kebo ya RG-58 yenye wavu mlegevu huvujisha ishara pande zote, ndani ya boksi lilelile unalojaribu kutenganisha vitu. Tumia kebo yenye wavu mara mbili, kama RG-400 au RG-142. Na kebo zenye karatasi ya alumini iliyogusana na wavu wa shaba, ambazo ni nzuri kabisa kwa redio ya kawaida, wajenzi wazoefu wa ripita huzikwepa, kwa sababu metali hizo mbili zikisuguana huku zikibeba kurusha na kupokea kwa pamoja, hutoa mikwaruzo inayokuja na kuondoka na upepo. Mikwaruzo ya upepo ni kasoro mbaya kuliko zote. Siku unayopanda kuitafuta, hakuna upepo.

Dawa ya bei rahisi kuliko zote ni kupunguza nguvu. Kutoka wati 50 hadi 25 unapoteza desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji hatambui kwa urahisi, lakini risiva yako inapumua, na redio inapoa. Redio za gari zinazounganishwa mbilimbili kuwa ripita hazikuundwa kurusha saa nzima mfululizo. Mimi siziruhusu kuzidi wati 15 au 20, na feni juu yake.

Antena na kebo, kwa kifupi

Urefu wa antena kutoka ardhini unashinda wati. Kwa makadirio, upeo wa redio kwa kilomita ni 4.12 mara jumla ya vipeuo vya pili vya urefu wa antena mbili kwa mita. Antena ya ripita ikiwa mita 30 na redio ya mkononi mita 1.5, unapata kilomita 28 hivi kwenye uwanda tambarare, pasipo majengo na milima. Ukiipandisha ripita hadi mita 60, upeo unakaribia kilomita 37. Hakuna kipaza nguvu kitakachokupa hilo.

Lakini kebo ndefu hula. Mita 30 za RG-58 kwenye 460 MHz hupoteza takriban desibeli 10: unaingiza wati 10 chini, inafika wati 1 juu. Na hasara hiyohiyo inaipata ishara hafifu inayoshuka kutoka kwa redio ya mkononi, hivyo unapigwa mara mbili.

Pima SWR, uwiano unaoonyesha nguvu kiasi gani inarudishwa na antena, kwenye masafa yote mawili, si ya kurusha tu. 1.5 ni nzuri. 2 inarudisha takriban asilimia 11 ya nguvu na unaweza kuishi nayo. 3 inarudisha robo, na hapo zima, ukague. Kumbuka kebo mbovu inayokula sana huficha SWR mbaya, kwa sababu nguvu inayorudi nayo huliwa njiani. SWR ya kupendeza kupita kiasi mwishoni mwa kebo kuukuu inapaswa kukutia wasiwasi.

Umeme nao: redio nyingi za gari zinataka volti 13.8. Pima volti kwenye plagi ya redio wakati inarusha, si wakati imekaa. Ikiwa inaanza 13.6 na kuanguka hadi 11.5 kila unapobonyeza, waya ni mwembamba au kiunganishi kimeoza, na ripita itakuwa inajizima katikati ya sentensi bila sababu inayoonekana. Kwenye redio ya mkononi ni vivyo hivyo: betri iliyochoka hupokea siku nzima vizuri na kuzima inapoombwa wati 5.

Ukishamaliza, bandika karatasi yako ya mambo matano ndani ya mlango wa boksi la ripita, ukiongeza volti ulizopima, SWR ya pande zote mbili, nguvu uliyoiweka na tarehe. Hifadhi na faili za redio kwa jina lenye tarehe. Mwakani ripita ikianza kusikia vibaya, pima tena vilevile na ulinganishe namba. Ile iliyohama ndiyo utakayoanza nayo.